Asiyeshuka Atatafutwa

Kitabu kilichokuwa chini kabisa ya boksi kilikuwa kimelowa, na Lilongwe ilikuwa haijaona mvua tangu Aprili. Vingine vyote vilikuwa vikavu. Apollinaire alikifuta kwa shati lake, akakianika mlangoni juani, akakisahau.

Boksi lenyewe alilinunua mjini, mtaa wa Area 47, kwenye nyumba ya mzungu mmoja aliyekuwa akihama, mtu mwenye wazimu wa milima. Ndani mlikuwa na vitabu vya njia na vilele, vitabu vya kuchagua viatu, na sura nzima za kumfundisha mtu mwenye nyumba yake namna ya kwenda kulala porini akafurahi. Apollinaire alikuwa muuza vitabu tangu enzi za kibanda chake cha Chilinde, kabla wakimbizi hawajaamriwa kurudi kambini, na mjini bado alikuwa na wateja wanaopenda mambo hayo. Pale kambini Dzaleka hakuna aliyevitaka. Majirani walipita, wakatazama picha za mahema, wakacheka.

"Kumbe kulala inje banalipaka?" jirani mmoja aliuliza. "Sisi tulilalaka bure!"

Mkewe, Louise, fundi cherehani aliyezaliwa milimani huko Fizi, hakucheka.

Kile kitabu kilicholowa hakikuwa cha kuuzwa. Lilikuwa daftari kubwa la kibanda cha mlimani, lile ambamo wapandaji huandika majina yao wanapofika kulala: jina, siku ya kupanda, siku ya kushuka, na nafasi ya maneno machache. Jalada lilikuwa limebanduka, kwa hiyo haikujulikana ni la mlima gani. Charlène, binti yao wa miaka kumi na sita, ndiye aliyewasomea Kiingereza cha ukurasa wa kwanza.

"Banasema mutu akiandikwa humu, alafu haiandikwe kama ameshuka, batamutafuta mpaka apatikane."

"Nani atamutafuta?" Louise aliuliza.

"Haisemi, maman. Batamutafuta tu."

Louise alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akaliangalia daftari muda mrefu.

Asicheke mtu. Louise alikuwa na mtoto mwingine, Cadeau, wa miaka mitatu, aliyepotea kwenye milima ya Itombwe siku walipokimbia risasi, miaka kumi na moja iliyopita. Apollinaire alikuwa mjini Uvira siku ile, na alipokutana tena na familia yake walikuwa wawili. Tangu hapo Louise alikuwa amejaza fomu za kutafuta waliopotea mara tano: jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mara tano alijibiwa kwa adabu kwamba kazi inaendelea. Kambi nzima ilimwita Mama Charlène, na hapakuwa na mtu aliyemwita Mama Cadeau. Leo kitabu kilikuwa kinamwambia, bila foleni na bila kuhojiwa, kwamba mwanawe atatafutwa mpaka apatikane. Mfa maji haishi kutapatapa.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alilifungua. Akaandika: Cadeau, miaka mitatu. Siku ya kupanda akaijaza, kwani tarehe ile hakuhitaji kuitafuta. Siku ya kushuka aliiacha wazi. Pembeni akaandika kwamba amevaa tricot ya njano, sweta yake ya baridi.

Jumatatu kambi iliamkia chiperoni, ule ukungu wa manyunyu unaoleta baridi ya Juni. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni harufu iliyojaa nyumbani kwa Apollinaire, harufu ya mianzi mibichi na majani yaliyoozea chini yake, na pale Dzaleka hakuna mianzi. Kisha akasikia mtu akikohoa nyuma ya choo. Kikohozi kilikuwa kidogo, kikavu, cha mtoto.

"Mama Charlène, kuko mutoto inje."

"Najua," Louise alisema. Alikuwa anapakua nsima, ule ugali wa kule, kwenye sahani ndogo, na alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo mumewe hakuwa ameiona miaka kumi na moja.

Macho ya Louise yalikwenda kwenye daftari, Apollinaire akalifuata. Kwenye mstari wa Cadeau, mahali pa siku ya kushuka, palikuwa na tarehe ya leo. Haikuandikwa kwa wino. Iliandikwa kwa tope, na tope lilikuwa bado bichi.

Jumanne alasiri Charlène aliamka kutoka usingizi wa mchana akiwa anatetemeka.

"Papa," alinong'ona, "kuko mutu analala ku mugongo yangu. Ni mudogo. Iko baridi sana, alafu haitoke."

Jumatano hakuweza kusimama. Kliniki walimpima malaria, wakakuta hana, wakampa vidonge na kumrudisha. Apollinaire alimshika miguu, ilikuwa baridi kama chupa ya maji iliyolala nje. Akachukua daftari akalitupa jikoni kwenye makaa. Halikushika moto. Lilichuruzika maji, maji mengi kuliko karatasi inavyoweza kunywa, mpaka makaa yakazimika, na yeye akabaki amesimama na majivu yaliyolowa miguuni.

Alhamisi, saa sita mchana, akitoka bombani na ndoo, alisukuma mlango wa chumba cha binti yake, akamwona amelala ameelekea ukutani, na nyuma yake blanketi limeinuka kama limefunika kitu, na kile kitu kilikuwa kinapumua, lakini pumzi zake hazikwenda pamoja na za Charlène, zilikuwa fupi, zenye kukwaruza, na Apollinaire akaita kwa sauti ndogo, "Charlène," naye Charlène akaitika, "Papa," na baada yake sauti nyingine, ya kitoto, iliyokauka kwa kulia, nayo ikaitika, "Papa," kisha mkono wa kijivu wenye vidole vilivyokunjamana kama vilivyokaa mtoni siku nyingi ukatoka ndani ya mkono wa tricot ya njano, ukavuta blanketi taratibu, ukajifunika.

Ndoo ilimwagika. Alikimbia kumwita Mchungaji Byamungu.

Mchungaji Byamungu alikuwa mzee wa Uvira, mwenye chumba cha maombi karibu na soko, na mapepo aliyoyafukuza hakuwa na haja ya kuyahesabu. Aliomba tangu saa saba mpaka sauti ikamkauka. Kila walipoitika amina, chini ya blanketi kikohozi nacho kiliitika. Mwisho akaketi kwenye kigoda, akafuta jasho, akamgeukia Louise.

"Mama, hii kitu haiwezi kutoka, sababu haikujileta. Ni we uliita. Sasa sema kweli mbele ya Mungu. Ule mutoto alipotea namna gani?"

Apollinaire alidhani Louise hatasema jipya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amemuuliza mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa kwamba watu walikuwa wengi njiani.

"Hakupoteaka," Louise alisema. "Mi nilimuweka. Charlène alikuwa na homa, nilimubeba ku mugongo. Cadeau alikuwa mu mikono. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia nyuma yetu, na nguvu iliisha. Nilimuikalisha ku jiwe. Nikamwambia, ikala hapa, maman anarudia sasa hivi. Nikashuka na Charlène mpaka ku barabara."

"Alafu ulikosa njia ya kurudia?"

"Hapana, Pasta. Njia niliiona." Akafunika uso. "Niliogopa kurudia."

Mchungaji alikuwa mtu wa huruma, lakini alimtazama Charlène, midomo imeshaanza kuwa ya bluu, akajua huruma itangoja.

"Ule mutoto alikufa, mama. Hii yenye iko hapa haiko yeye. Ni kitu ya mulima, imevaa jina yake na nguo yake, na inakunywa joto ya huyu mwenye iko muzima. Ni we uliandika. Andika tena, sema amekufa, hatafutwe. Kama haiko vile, kesho tutazika Charlène."

Apollinaire alimletea daftari na kalamu. Louise alilifungua magotini. Akaandika: Cadeau alibaki mlimani. Alikufa. Asitafutwe tena.

Kilio kikaanza. Laiti kingekuwa mngurumo wa pepo, wangejua la kufanya. Kilikuwa kilio cha mtoto wa miaka mitatu anayeona mama yake akigeuka kuondoka. Blanketi likashuka, halina kitu ndani. Nyayo ndogo za maji zikapita kwenye sakafu ya udongo, zikafika mlangoni, zikatoka, na kilio kikaenda nazo kupita choo, kupita mabua ya mahindi, kuelekea kilima. Charlène akavuta pumzi ndefu. Miguu yake ikaanza kupata joto.

Mchungaji akaimba zaburi kwa sauti iliyokauka, akaaga. Apollinaire alikaa sakafuni amemshika mkewe kifundo cha mkono.

"Haiko yeye," alimwambia.

"Najua. Lakini analia kama yeye. Ile siku nilimusikia vile vile, mpaka ku barabara."

Kilio hakikukoma. Kilikaa kule ukunguni alasiri nzima, na majirani walidhani ni mbuzi wa mtu. Apollinaire alikuwa hajalala siku tatu, na usingizi hauna adabu: alisinzia hivyo hivyo, mkono wa mkewe ndani ya mkono wake. Alipozinduka alikuwa ameshika pembe ya mkeka. Blanketi halikuwepo. Kitenge cha kubebea watoto, kilichokaa sandukuni miaka yote, nacho hakikuwepo. Nje palikuwa kimya.

Walimtafuta watu kama ishirini. Walikuta nyayo kwenye tope, kubwa na ndogo, sambamba, kama za mama na mtoto wanaotoka sokoni. Zilifika mahali majani yanapoanzia chini ya kilima, zikaishia hapo. Nyumbani, kwenye daftari, chini ya mstari wa Cadeau, palikuwa na mwandiko wa Louise: jina lake, siku ya kupanda, na maneno mawili, Nimerudi kumchukua. Siku ya kushuka ilikuwa wazi.

Mchungaji alisoma, akalifunga daftari.

"Apollinaire, ndugu yangu. Unajua kile unapashwa kuandika."

"Labda bado iko muzima."

"Hata kama. Andika amekufa, kabla haijaletwa kama ule mutoto."

Apollinaire alichukua kalamu. Alimkumbuka Louise akiuma uzi kwa meno, akimgombeza kwa kujaza nyumba vitabu visivyonunuliwa, na alimpenda, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote. "Kesho," alisema. Ijumaa alisema tena kesho. Jumamosi Charlène alikula nsima, akaoga, akacheka kidogo na mtoto wa jirani, na Apollinaire akajiambia kwamba labda yamekwisha.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata choo hakikuonekana. Harufu ya mianzi iliingia kwanza. Kisha mlango ukagongwa, mara mbili, taratibu.

"Papa Charlène," sauti ilisema. "Funguwa. Iko baridi huku."

Ilikuwa sauti yake kabisa, hata na ule uchovu wa jioni baada ya kushona. Daftari lilikuwa mezani, kalamu juu yake. Neno moja lilitosha, na alikuwa na nafasi ya kuliandika, kwani aliyeko nje hakuwa na haraka. Nyuma yake Charlène alikuwa ameamka, amesimama na gauni lake la kanisani.

"Papa, ni maman."

"Haiko yeye, binti yangu," Apollinaire alisema, huku machozi yakimtiririka, na huku mkono wake unalitoa komeo.

Louise alikuwa amesimama kizingitini, nywele zinadondosha maji, uso wa kijivu na mpole. Kitenge alikuwa amekifunga mgongoni, kimelegea, kitupu, tayari kwa kubeba. Hakumtazama mumewe hata kidogo.

"Charlène," alisema, akimpungia mkono aje, "kuya."

Apollinaire alinyoosha mkono kumzuia. Charlène aliinama, akapita chini ya mkono wa baba yake, akaenda.