Nywila ya Kaka

Mwalimu mstaafu alikutwa amelala kifudifudi sebuleni, simu ikiwa bado mkononi. Ujumbe wa mwisho ulisomeka: "Ombi lako limepokelewa. Gari la wagonjwa linakuja."

Gari halikuja. Daktari wa polisi alisema moyo ulisimama, na kama angefikiwa mapema angepona.

Ahadi ni deni, na hii ilikuwa imeua mtu. Inspekta alitoka pale na hasira zake mpaka ofisi ya magari ya wagonjwa.

Mama anayepokea maombi alimweleza bila kuzunguka. Maombi huingia kwenye seva, kompyuta inayomjibu mtu yenyewe kwamba ombi limepokelewa, kisha hutokea kwenye skrini yake. Programu ikielemewa, fundi huiwasha upya kwa msimbo. Anaandika amri, programu inazimika na kuamka, na ombi ambalo halijatokea kwenye skrini linapotea. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao: fundi husimama na kuuliza, "Kuna mgonjwa?" Mama huyu hajibu papo hapo. Husubiri kwanza, kwa sababu ombi hukawia kidogo kutokea.

"Siku ile uliulizwa?"

"Sikuulizwa. Skrini ilikuwa tupu, ikazimika, ikarudi tupu."

Inspekta alimwomba asimwambie mtu yeyote habari ya skrini.

Wachunguzi wa kompyuta waligundua kwamba amri ilitumwa kutoka nje ya ofisi, kwa nywila ya fundi mkuu, mtu mpole ambaye wenzake walimwita Bingwa. Bingwa alikana kutuma amri yoyote.

"Nani mwingine anaijua nywila yako?"

Alitazama sakafu. "Hakuna."

Alikuwa anadanganya, na hakuwa na kipaji hicho. Inspekta alimweka mahabusu apate muda wa kufikiri, kisha akauliza huku na huko. Akaambiwa Bingwa ana mdogo wake palepale ofisini, aliyemfundisha kazi mwenyewe na kumwombea ajira. Siku ya tukio kijana huyo hakufika kazini, alisema anaumwa.

Alipoitwa kituoni alikuja mbio, huzuni ameivaa kama shati jipya.

"Kaka yako aliwahi kukupa nywila yake?"

"Hajawahi. Kwa vitu hivyo ni mchoyo."

"Kwa hiyo amri aliituma yeye?"

Kijana alishusha pumzi. "Inaniuma kusema, afande, lakini ni yeye. Amechoka siku hizi. Ila si mtu mbaya. Wakati anazima, skrini haikuwa na mgonjwa hata mmoja."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Aliyeiona skrini ni mama mmoja tu, na nilimkataza kusema. Wewe uliionaje ukiwa kitandani?"

Kijana aliinuka, akaonyeshwa kiti.

Inspekta aliagiza Bingwa aletwe, akampa maelezo ya mdogo wake asome. Alipofika penye neno "hajawahi", aliiweka karatasi mezani, akamgeukia mdogo wake.

"Nilikupa mwenyewe ulipoanza kazi, ili usihangaike," alisema. "Nimelala mahabusu nikikuficha wewe. Na wewe unanizika?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta alikuwa ameuona ukweli huo mara nyingi, na bado ulimuuma.

Hapo kijana akasema yote. Alitaka programu izimikezimike, wakubwa waone Bingwa ameshindwa, kiti kiwe chake. Kila alikokwenda aliitwa mdogo wa Bingwa, hata alipofanya vizuri. Siku ile aliingia kwa nywila ya kaka yake akiwa nyumbani, akachungulia skrini, akaona iko tupu. Hakusubiri. Ombi la mwalimu lilikuwa bado njiani.

"Sikukusudia mtu afe," alisema.

"Mimi ulinikusudia," Bingwa alijibu.

Pingu zilifungwa. Mlangoni kijana aligeuka, machozi yakimtoka.

"Kaka, mama akiuliza, mwambie umenisamehe."

Bingwa naye alikuwa analia, wala hakujificha.

"Polisi nimewadanganya kwa ajili yako," alisema. "Mama simdanganyi."