Usiisugue Kutu

Asubuhi Kohinur husugua vyombo kando ya bwawa, kwa majivu na makumbi ya nazi. Mama mkwe wake, marehemu Amma Jobeda, ndiye aliyemfunza. "Sugua, mwanangu, mpaka uone meno yako humo!" bibi alikuwa akimwambia, wakacheka wote wawili. Loo, jinsi anavyomkumbuka!

Bomba la kisima uani nalo alilichimbisha Amma. Sasa limepakwa rangi nyekundu, kwa sababu maji yake yana sumu ya aseniki. Viganja vya Torab, mume wa Kohinur, vimeota sugu na madoa. Ndiyo maana walipewa chujio: ndoo yenye mchanga na vipande vya chuma.

Siku moja alikuja Bina, mhudumu wa afya. Alipima maji ya chujio. Karatasi ya kipimo ikageuka manjano.

"Sumu imerudi," alisema.

"Haiwezekani!" alisema Kohinur. "Juzi nimelisafisha. Vyuma vilishika kutu, dada, aibu tupu! Nikavisugua vikang'aa."

Torab aliangua kicheko. "Amma angekusifu!"

"Kwa sufuria, sawa," alisema Bina. "Lakini hapa umeisugua dawa yenyewe. Ardhini, punje za udongo zimevaa kutu, na sumu imenata humo. Chini zaidi hakuna hewa. Majani yaliyofukiwa zamani yanaoza, kutu inayeyuka, sumu inaingia majini. Nanyi mnaivuta kwa bomba. Ndani ya ndoo, chuma kinashika kutu upya, na kutu inaikamata sumu."

Kohinur alivitazama viganja vya mumewe. Kicheko cha Torab kilikuwa kimekwisha.

"Nilitaka nyumba ibaki kama alivyoiacha Amma," alisema Kohinur, machozi yakimtoka.

"Basi mtunze mwanawe," alijibu Bina. "Kwa sasa tekeni maji kwenye bomba la kijani, pale msikitini. Msinywe ya hapa mpaka nipime tena. Na vyuma vikichoka niiteni. Msivitupe bwawani wala shambani."

Walimsikiliza, wakaviacha vyuma vishike kutu tena. Bina aliporudi kupima, karatasi ilibaki nyeupe. Miezi ikapita, viganja vya Torab vikaanza kulainika.

Kohinur bado anasugua vyombo kila asubuhi. Akilifikia chujio, mkono wenye majivu husita.

"Hili unisamehe, Amma," husema. Kisha anamkingia Torab maji.