Mulango wa Mama Martine

Kataa kuamini kama unaweza, wewe unayejiita mwanaume! Enzi za Zaïre, rafiki yangu Hippolyte alisimamia nyumba za kupangisha za baba yake, hapa Kalemie. Mama Martine alikawia kuhama, na mupangaji mupya alikuwa anangoja. Hippolyte akafanya vile wenye nyumba wanafanya: akang'oa mulango.

“Papa, mutoto ana homa,” mama akalia. “Upepo wa ziwa utamuua. Uniache siku mbili tu.”

Hippolyte akacheka: “Mama, uambie upepo upige hodi kwanza!”

Mulango akaupeleka kwake, akauegemeza ukutani chumbani. Jumamosi mutoto akazikwa.

Jumapili muchana mvua ilileta giza. Hippolyte akasikia: ko, ko, ko. Haukuwa mulango wake. Ni ule ulioegemea ukuta, na kugonga kulitoka nyuma yake, kwenye matofali matupu. Kulitoka chini, usawa wa goti.

Sasa nitoe nililoficha. Mulango ule muntu mumoja hawezi kuubeba. Upande wa pili niliushika mimi. Siku ile Hippolyte hakucheka, nilicheka mimi. Maneno yale ya hodi njo yangu.

Na kwangu pia kunagongwa, chini, usawa wa goti.