Samaki wa Sita wa Kahindo

Kila Jumamosi asubuhi Kahindo alifua sare yake ya shule, akateka madumu mawili ya maji na kukwangua sufuria ya ugali wa jana, na yote hayo aliyafanya mbiombio bila kuambiwa mara mbili. Siku nyingine za wiki ilibidi aambiwe mara nne. Nyumba nzima ilijua sababu. Kazi zikiisha, baba yake, Papa Kamate, alimruhusu kubeba fimbo yake ya mwanzi waende pamoja Keshero, ufukweni mwa ziwa, kuvua kwa ndoano.

Papa Kamate hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi cherehani, na wenzake wa Klabu ya Ndoano walikuwa walimu, wauguzi na mafundi wa pikipiki. Hakuna aliyekwenda ziwani kutafuta riziki. Walikwenda kupumzisha akili, kupiga soga juu ya mawe meusi ya volkano, na kurudi nyumbani na kitoweo cha jioni.

Klabu ilikuwa na sheria tatu, zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao. Mtu asichukue zaidi ya samaki watano kwa siku. Samaki mfupi kuliko kipimo arudishwe majini. Na mwenye watano akitaka kubadilisha, mmoja atoke kwanza, akiwa hai, mbele ya msimamizi, ndipo mwingine aingie. Kahindo, msichana wa miaka kumi na miwili mwepesi wa kushika mambo, alizijua zote kama anavyojua sala ya asubuhi.

Jumamosi moja samaki walikuwa na njaa ya ajabu. Kabla ya saa tatu Kahindo alikuwa na tilapia watano ndani ya kikapu. Kwa kuwa hakutaka kubadilisha yeyote, alipaswa kukunja uzi na kukaa. Badala yake alitupa ndoano tena, akajiambia anajaribu tu. Ndoano ikashikwa, na tilapia wa sita akatoka majini, mnene, tumbo limejaa.

Kahindo akamtazama baba yake, ambaye alikuwa mbali kwenye jiwe jingine, amewapa mgongo watu wote. Kisha akakumbuka sokoni. Mjini Goma, ukinunua kopo la dagaa wa sambaza, muuzaji hulijaza mpaka juu, halafu huongeza konzi moja ya bure. Hiyo konzi ndiyo matabishi. Ukinunua nyanya, kuna matabishi. Hata mwenye makaa hutupia vipande viwili vya ziada. Basi, Kahindo akawaza, kama kila mtu hutoa matabishi, mbona ziwa lisitoe? Watano ni wa sheria, huyu mmoja ni nyongeza.

Akamweka kikapuni na kumfunika kwa majani ya muhogo, eti asipigwe na jua. Wale watano wengine aliwaacha wapigwe na jua watakavyo.

Saa tano kila mtu alipeleka kikapu chake kwa Mama Annonciata, mkuu wa klabu. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu kutoka milima ya Masisi, mwenye buti za mpira na macho yaliyokwisha kuona watoto wengi wakificha vidonge chini ya ulimi.

"Uko na samaki ngapi, mwanangu?"

"Tano, Mama."

Mama Annonciata akainua jani moja, kisha la pili. "Na huyu mwenye kulala chini ya majani?"

"Ule iko matabishi," Kahindo akajibu kwa sauti ndogo.

Watu wakaangua kicheko. Jeancy, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa bingwa wa watoto mwaka uliopita, alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Annonciata peke yake hakucheka.

"Matabishi inatolewaka na nani?"

"Muuzaji, Mama."

"Na kama muuzaji hajakupatia, wewe unaingiza mukono mu kitunga yake na kubeba, ile inaitwa nini?"

Kahindo akatazama vidole vya miguu yake. "Wizi," akasema.

"Ziwa haina mudomo ya kukukataza. Ndiyo maana tuliandika sheria."

Akampasua yule samaki palepale. Tumboni mlikuwa na mayai, mamia, madogo na ya njano. Kahindo alitamani angekuwa amemrudisha majini mapema, lakini samaki alikwisha kufa, na mayai yale hayangekuwa samaki tena. Hakuna aliyemgombeza wakati ule, na afadhali wangemgombeza.

Adhabu ilikuwa Jumamosi nne bila kuvua. Angekuja kama kawaida, ila kazi yake iwe kushika kipimo na kubadilisha maji katika mabeseni ya wengine. Jumamosi ya tano ndiyo ilikuwa siku ya mashindano, na Kahindo alikuwa amejiandaa kwa mashindano hayo mwaka mzima. Jina la mtoto mshindi huandikwa kwenye ubao wa klabu, na lilikuwa halijawahi kuandikwa jina la msichana hata mmoja.

"Umenipatisha haya mbele ya watu," Papa Kamate alimwambia njiani. "Lakini utaenda. Ukibaki nyumbani, utakuwa umekimbia."

Akaenda. Jumamosi ya kwanza Jeancy alimpokea kwa jina jipya: Mademoiselle Matabishi, yaani Binti Nyongeza. Kufikia ya pili, hata watoto wa mtaani kwao walilijua. Kahindo aliuma meno, akainama juu ya mabeseni. Papa Birindwa, msimamizi mzee mwenye goti bovu, alimwonyesha namna ya kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki asimkwangue utelezi wa mwili, namna ya kuweka beseni kwenye kivuli cha mwamba, na namna ya kuongeza maji mapya kila baada ya muda mfupi, kwa sababu maji yakipata joto samaki hukosa pumzi.

"Batu wanazani kazi inaisha samaki akitoka mu maji," Papa Birindwa alimwambia. "Kumbe pale njo inaanza."

Jumamosi ya nne, hakuna samaki hata mmoja aliyekufa katika mabeseni aliyoyatunza. Kahindo alijivuna kidogo, na alistahili.

Siku ya mashindano, filimbi ililia saa moja kamili. Walitakiwa kuvua mpaka saa tano, na uzito wa samaki watano ndio ungeamua mshindi. Jeancy alianza kwa kishindo. Kufikia saa tatu alikuwa na watano wakubwa, akawa anazunguka kuwasimulia watu habari zake huku beseni lake likiota jua. Kahindo naye alikuwa na watano, lakini wa kwake walikuwa wa wastani, na mmoja alikuwa amekipita kipimo kwa upana wa kidole tu. Aliweka beseni kivulini. Alivua kidogo, akabadilisha maji, akavua tena, akabadilisha tena.

"Unalea batoto ao unavua?" Jeancy akamuuliza akipita.

Kahindo akaongeza maji mapya.

Saa nne na nusu Jeancy alipata samaki wa sita, mkubwa kuliko wote. Akakimbilia beseni lake amtoe mdogo. Akamgeuza huyu, akamgeuza yule. Wote watano walikuwa wameelea, matumbo juu. Papa Birindwa akatikisa kichwa: mfu harudishwi majini. Jeancy alisimama na samaki wake mkononi, kisha akachuchumaa na kumwachia aende zake. Kahindo aliona, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma.

Zikabaki dakika tano. Ndipo fimbo ya Kahindo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Aliivuta polepole, akarudi nyuma hatua moja, akavuta tena, na tilapia mwenye mgongo mpana kama sahani akaibuka kando ya mwamba. Akamshika kwa mikono miwili ndani ya maji. Beseni lilikuwa karibu na goti lake. Ingechukua kufumba na kufumbua tu kumwingiza huyu na kumtoa mdogo baadaye. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Papa Birindwa, kuya," akaita. "Niko na wa sita."

Mzee akaanza kuja, goti bovu na mawe yenye ncha, hatua moja baada ya nyingine. Samaki alijipinda, akarusha mkia, akamlowesha Kahindo uso mzima. Akiteleza sasa, basi. Mikono ilimuuma, lakini hakumtoa majini. Baba yake akasimama kwenye jiwe lake, amekunja ngumi.

"Niko hapa," Papa Birindwa akasema akihema. "Utoe kwanza."

Kahindo akambana mkubwa katikati ya magoti na mwamba. Kwa mkono mmoja uliolowa akamchota yule mdogo kutoka kwenye beseni na kumweka ziwani. Mdogo alikaa kimya kidogo, akapepesa mapezi, akapiga mkia na kutoweka. Mkubwa akaingia kwenye beseni. Filimbi ikalia.

Mizani ilisema kilo mbili na nusu kwa Jeancy, na kilo mbili na gramu mia tisa kwa Kahindo. Papa Kamate alimbeba bintiye mabegani kama mtoto wa miaka mitatu, na wanaklabu wakaimba njia nzima mpaka kwenye ubao. Jeancy ndiye aliyeshika kopo la rangi jina la Kahindo lilipoandikwa.

"Kuanzia leo jina lako ni Kahindo," akasema.

Mama Annonciata akanyamazisha watu. "Mwezi uliopita tulimucheka huyu mutoto. Leo amemushinda kila mutu, na haiko bahati. Alitunza samaki wake wakiwa wazima, na alingoja musimamizi wakati hakuna mutu alikuwa anamuangalia. Sheria haikumuzuia kushinda. Sheria njo ilimushindisha. Tukichukua tano na kuacha zingine zizae, wavuvi wanaolisha watoto wao kwa hii ziwa watapata, na sisi wa kujifurahisha tutapata. Mushike hiyo, nyinyi watoto."

Kisha akamkabidhi zawadi: fimbo mpya yenye gurudumu la kuzungushia uzi, pamoja na ndoano tano. Kahindo akazihesabu, akashukuru kwa mikono miwili, akageuka kuondoka.

"Ngoja kwanza," Mama Annonciata akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ndoano ya sita na kuiweka kwenye kiganja cha mtoto. Sasa alikuwa anacheka, tena kwa sauti.

"Hii njo matabishi. Nakupatia mimi mwenyewe."