Aliyekaa Miguuni pa Fundi

Sponji mpya haibonyei yenyewe. Hilo fundi makochi alilijua vizuri, maana alikuwa na miaka ishirini ya kukata sponji, kugonga vijimisumari na kubishana na wateja wanaotaka kochi la leo liwe limekwisha jana. Kwa hiyo alasiri ile, alipokuwa amejilaza kwenye kochi la watu watatu karakanani kwake, akaona mto wa upande wa miguu unazama taratibu na kubaki umezama, alianza kwa kumlaumu muuza sponji.

"Huyu kanipiga," alinung'unika.

Kulala mchana hakukuwa uvivu. Miezi saba nyuma alipasuliwa ngiri. Daktari alimwambia wiki sita tu atakuwa mzima. Wiki sita zikapita, jeraha likafunga vizuri hata mkewe akalisifu, lakini maumivu yalibaki palepale kinenani, yakichoma, yakishuka pajani, yakimfanya agombane hata na nyundo. Vipimo havikuona kitu. Nesi wa kliniki ya maumivu, mwanamke mwenye subira yake, alimweleza kwamba mishipa ya fahamu nayo ina ukaidi: jeraha limepona, yenyewe bado inapiga kelele. Akampa vidonge, mazoezi na ratiba. Fanya kazi nusu saa, lala robo saa, hata kama hujachoka. Fundi alitii, huku majirani wakimtania kwamba siku hizi kawa mtoto wa chekechea.

Mto ulipozama ikaja harufu. Kwanza spiriti ya hospitali, halafu chini yake harufu ya shuka lililokunjwa likiwa bichi. Kisha maumivu yakatoka. Hayakupungua, yalitoka, kama mtu anavyochomoa uzi kwenye kitambaa, polepole, hadi ncha. Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameibana miezi saba.

"Afadhali," akasema.

Na pale kwenye mto wa miguuni, kitu kikameza.

Alikisikia, tusidanganyane. Alisikia funda likishuka kooni mwa mtu ambaye hakuwepo. Mtu mwenye akili zake angetoka mbio. Lakini mtu mwenye akili zake hajakaa miezi saba akiogopa kupiga chafya. Kesho yake, saa tisa ilipogonga, fundi alirudi kujilaza palepale.

Ikawa kila siku. Akanenepa, akaanza kuimba, akamtania mkewe aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi kwa cherehani humohumo karakanani.

"Mume wangu, huyo nesi kakupa nini?" mkewe alimwuliza akicheka. "Niende nikamshukuru."

"Ratiba tu, mke wangu," alijibu, akainamisha uso.

Wiki ya tano alijilaza akiwa hana maumivu ya kutosha hata kukunja uso. Mto ukazama, ukangoja. Kitu kilimnusa kuanzia magotini, kikapanda hadi kwenye kovu, kikazunguka hapo, kikanusa tena kama anayekwangua sufuria tupu. Mto ukainuka. Na papo hapo mkewe akapiga ukelele: sindano ya cherehani ilikuwa imepita katikati ya kucha yake na kutokea upande wa pili.

Fundi alimkimbilia, akaushika mkono, akachomoa sindano. Damu ilikuwa ikichuruzika, lakini mkewe alikuwa ameacha kulia ghafla, akiutazama mkono kwa mshangao.

"Ajabu," alinong'ona. "Haiumi tena."

Fundi alitazama benchi aliloketi mkewe. Mto wa benchi, upande uliobaki wazi kando yake, ulikuwa umezama.

Hakusema. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na baadaye alilikiri mwenyewe huku akijipiga kifua. Angesema siku ile, yasingemfika mtoto. Lakini angeanzaje? Alijidanganya kwamba sindano ni sindano.

Siku ya tatu alikuwa uani akipanga mbao, na bintiye wa miaka sita, mtoto wake wa pekee, alikuwa ndani akichezea vipande vya vitambaa, na fundi akagundua kwamba kwa muda mrefu hajasikia sauti, si ya kucheka wala ya kulia, ila mlio mdogo wa majimaji, kama wa paka anayelamba bakuli, unaoendelea bila haraka, akakimbia hadi mlangoni, akamwona mtoto ameketi kwenye lile kochi, mguu ameunyoosha, nyama ya chini ya goti imepasuliwa na springi iliyochomoza, damu imelowesha sponji, na mtoto anatabasamu.

"Mwanangu! Haikuumi?"

"Iliuma, baba. Bibi kaniondolea."

"Bibi gani?"

Mtoto alielekeza kidole kando yake. Mto ulikuwa umezama sana.

"Huyu. Anasema wewe umekwisha, sasa ni zamu yangu. Kasema kesho niumie tena, lakini zaidi."

Jioni ile, mtoto akiwa ameshashonwa mguu na kurudishwa nyumbani kulala, fundi alimwita shangazi yake, akawasimulia yote yeye na mkewe. Shangazi huyu alipiga deki na kuogesha wagonjwa wodini miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Aliingia karakanani, akanusa mara moja, akakataa kuketi.

"Siku ya kwanza ulisema nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilisema afadhali."

Shangazi alifumba macho. "Wodini tulimwita Mtulizaji. Anazunguka vitanda vya waliopasuliwa. Kumbe alikufuata, akakungoja umshukuru, na hilo afadhali lako ndilo shukrani yake."

"Mfukuze basi, shangazi. Tafadhali."

"Huyu hafukuzwi kwa moshi wala kwa maji, baba. Nimeona watu wakimsomea mpaka sauti zikawakauka. Anaondoka mwenye maumivu anapoyadai. Uyadai yote, yako na ya hawa wawili. Yakirudi, sema ni yangu. Usimwombe, na lile neno lisikutoke."

"Yarudi yote kwa mpigo?" mkewe alidakia. "Si atakufa?"

"Atatamani," alisema shangazi.

Kesho yake saa tisa, mama na mtoto walikuwa kwa jirani, shangazi ameegemea mlango kwa nje. Fundi alijilaza. Alikuwa akitetemeka hata vijimisumari vya kochi vikalia. Mto ukazama.

"Nayataka maumivu yangu," alisema. "Na ya mke wangu. Na ya mwanangu."

Kisha yakaja, ya alasiri zote thelathini na kitu kwa pamoja, yakampasua upya palipopasuliwa, na sindano ikapita kwenye kucha yake, na springi ikamfungua mguu, na katikati ya moto huo sauti ikamsogelea sikioni, laini, yenye huruma kuliko sauti ya mama yeyote, ikimwuliza kama imtulize, ikimwambia aseme tu, neno moja tu, mtoto si lazima ajue, na fundi aliuma mkanda wa ngozi hadi meno yakakutana, akautema, akasema:

"Ni yangu."

Akasema tena. Mara ya tatu hakuwa na sauti, alitikisa midomo tu. Mto ukainuka taratibu, kama sponji nzuri inavyotakiwa kuinuka, na nje shangazi akaruka pembeni, kwani kitu cha baridi na majimaji kilimpita kwenye unyayo.

Fundi alirudi kwa nesi. Vidonge, mazoezi, ratiba, yote akaanza upya bila kulalamika. Kila asubuhi kabla ya kufumbua macho aliyatafuta maumivu yake, akayakuta, akaamka na moyo mweupe. Mkewe hakumwelewa mtu anayeugulia huku akitabasamu.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja akayatafuta, hayapo.

Nesi alikwisha kumwambia kwamba siku hiyo huenda ikafika, kwamba mishipa nayo huchoka kupiga kelele. Huko ndiko kupona. Lakini ndivyo ilivyokuwa hata mara ile, na fundi, akiwa amekaa kitandani anabonyeza kovu kwa vidole viwili, alitambua kwa hofu kubwa kwamba hana namna ya kutofautisha.

Alikwenda karakanani. Akanusa: gundi, vumbi, ngozi. Na spiriti? Labda. Labda ni pua yake. Akalishika kochi la mbao nzito, la kubebwa na wanaume wawili, akalinyanyua peke yake. Hakusikia kitu. Akalinyanyua tena, akajipinda makusudi.

Maumivu yakaja. Fundi aliteleza akakaa sakafuni, jasho na machozi vikimtiririka, akashukuru kwamba yamebaki, kwamba ni yake. Uani bintiye alikuwa akiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Baba yake alihesabu naye kimoyomoyo mpaka arobaini, na kamba haikumkwaza.