Mama Hafungui Begi

Majirani walimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza friji. Mama yake alicheka kila alipolisikia jina hilo. "Huyu, baridi? Akikosa chai asubuhi, nyumba nzima inaungua!"

Mama alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule miaka arobaini, na nusu ya mtaa ilisoma ikiwa imevaa kazi yake. Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea. Mke wa Fundi alimnyanyua na kumwogesha mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Siku moja wote wawili walirudi kutoka kazini jioni, wakamkuta Mama sakafuni. Alikuwa ameanguka saa nne asubuhi, na tangu hapo yuko pale chini.

Daktari akawaandikia barua ya kwenda makao ya wazee ya serikali. Huko kulikuwa na wauguzi na mtaalamu wa mazoezi. Nafasi ikapatikana.

Hapo ndipo Fundi alipoharibu. Aliogopa machozi ya mama yake.

"Mama, twende ukapimwe," alimwambia. "Siku tatu tu."

Siku ya nne huko makao, Mama aliomba avalishwe gauni lake la kutokea. Akaketi karibu na mlango, begi lake la nguo mapajani. Siku ya tano, vivyo hivyo. Siku ya kumi, bado yuko pale pale. Mazoezi aliyakataa katakata.

"Mimi mgeni hapa," alisema. "Mwanangu anakuja kunichukua."

Mwanawe alikuwa amejificha nyuma ya friji za watu. Aliona haya kwenda. Mwishowe muuguzi wa makao akampigia simu.

"Fundi, njoo. Mama yako asipofanya mazoezi sasa, ule mkono utakakamaa."

Mkono wa kushonea! Fundi aliacha friji wazi, akaenda.

"Dada, kweli mnamwangalia vizuri?" alianza kwa ukali.

"Tunamwogesha, tunampa dawa kwa wakati. Wewe je, ulimwambia anakuja kukaa?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilimwambia siku tatu."

"Basi ndizo anazokudai."

"Ningemwambia ukweli angesema namtupa."

"Angesema, ndiyo. Angelia, angekugombeza, mngeongea yakaisha. Mzee anaulizwa, Fundi. Analetwa kwanza aone chumba, asalimiane na watu, aulize maswali yake. Na akishakuja, kazi yenu haijaisha. Sisi tunajua kuuguza, lakini nyinyi ndio mnaomjua yeye. Tazama fomu uliyojaza siku ya kumleta. Ukurasa wa pili umeuacha mtupu."

Ukurasa wa pili uliuliza: Anapenda nini? Alifanya kazi gani? Akiwa na huzuni, nini humtuliza? Fundi aliazima kalamu, akaandika mpaka pembeni mwa karatasi.

"Sasa nenda kamwambie ukweli," muuguzi alisema. "Hapo sikusaidii."

Mama alipomwona, uso uling'aa. "Umechelewa. Twende."

Fundi akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, nilikudanganya. Si siku tatu. Nyumbani hatuwezi kukuhudumia peke yetu. Siku ile tulipokukuta sakafuni, mpaka leo inaniuma. Niliogopa kukwambia."

Mama alilia. Fundi naye akalia, bila kujificha.

"Umenileta kwa uongo kama mtoto anayekwenda kuchomwa sindano!"

"Nisamehe, Mama."

"Ungeniuliza. Ningekataa. Halafu ningefikiri. Unadhani sijui kwamba bafu lile limenishinda?" Akapangusa macho. "Na nikitaka kurudi leo?"

"Tutarudi. Tutatafuta njia nyingine."

Mama alimtazama sana. "Ngoja kwanza nijaribu. Utakuja lini?"

"Jumatano na Jumapili. Naapa."

"Usiape. Njoo."

Begi hakulifungua.

Jumapili Fundi alikuja na mkewe. Walileta futi ya kupimia nguo, vitambaa, na kopo la vifungo vya sare. Mtaalamu wa mazoezi alipoliona kopo, akafurahi. "Mama, tuanzie hapa!" Mama akaanza kuokota vifungo kwa mkono wa kulia. Wiki ya kwanza aliokota kimoja, kikamponyoka, akakitukana. Wiki ya tatu alijaza kisosi, na wazee wenzake wakawa wanamletea mashati ayakague.

Baada ya miezi miwili, Jumatano moja, Mama alimwambia Fundi avue shati. Akamshonea kifungo mahali pa kilichopotea. Ilimchukua saa nzima.

"Kimekaa upande," Fundi alisema.

"Kama maneno yako," Mama alijibu, na wakacheka mpaka muuguzi akachungulia.

Kisha Mama akavuta kitu chini ya kitanda. Lilikuwa begi, tupu, limekunjwa vizuri.

"Rudi nalo nyumbani," alisema. "Linanijazia chumba. Na Jumapili usichelewe."