Umbo la Hamira

Amri ilikuwa maneno matano: "Mtoe daktari. Hai. Chupa baadaye."

Kumtoa wapi! Siku ya nne sasa, ajenti Mwelu Kilonzo alikuwa amefungiwa pamoja na huyo daktari katika ghala la makonge huko Salaita. Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni mwa Derrick, jambazi aliyemteka Dakta Loise kutoka maabara yake mjini Voi, pamoja na Mwelu aliyefika kumwokoa. Mabati yalichoma. Maji, nusu chupa.

Mlango mmoja wa chuma, na kufuli iko nje.

"Mnunuzi wa Derrick huko Taveta akisema mzigo uliotoka maabara yako ni sawa, sisi hatuna kazi tena. Tunakufa," Mwelu alisema huku akisokota kamba ya makonge. "Na ni hamira tu, jameni! Si iko dukani?"

"Hii si ya mandazi, dadangu." Loise alivua leso yake. "Ona. Nikiikunja hivi, ni ngata ya kubebea mtungi. Hivi, ni mbeleko. Leso ni ile ile. Protini ya hamira yangu pia. Moja ikijikunja vibaya, inalazimisha zingine zijikunje kama yenyewe, na watoto wa hamira wanarithi. Hapo hamira inamea nyeupe. Ndiyo ninayojaribia dawa za ubongo. Miaka tisa nimeilea."

"Na umbo likipotea?"

"Inamea nyekundu, nilivyoitengeneza. Haina kazi tena."

Mwelu akakumbuka siku ya kwanza, mle maabarani. Derrick alimwamuru Loise ailishe hamira iliyo chupani kabla ya safari, bastola kisogoni. Loise alitia sukari, kisha unga mweupe kutoka kichupa kidogo.

"Kweli hii kitu itaponya dunia?" Derrick aliuliza.

"Nimetia chumvi kidogo," Loise alimjibu waziwazi.

Derrick alicheka hadi akakohoa. "Nyinyi wasomi mnapenda kutia chumvi!"

Lo! Kumbe mama wa watu alisema ukweli mtupu.

"Ilikuwa chumvi gani?" Mwelu akauliza.

"Ya guanidini, kemikali ya maabara. Inazuia umbo lisiwafikie watoto." Machozi yakamtoka. "Kazi yangu yote nimeiua kwa mkono wangu, Mwelu. Niliogopa kufa; nilijua ikiharibika watanihitaji hai."

Simu ikalia nje. Derrick akaiweka kwa spika.

"Derrick! Chembe za hamira zimemea nyekundu!" mnunuzi akafoka.

"Nyekundu aje, boss?"

"Zote! Muulize huyo mwanamke. Saa hii!"

Mwelu alikuwa tayari nyuma ya mlango.

Kufuli ikafunguka. Derrick akaingia, bastola mbele. Kamba ikamnasa mkono, ikavutwa, goti likampata tumboni. Alianguka chali akiita mamake. Glock ikarudi kwa mwenyewe.

Mwelu alimfunga vizuri, akachukua simu ya Derrick, akapiga makao makuu.

"Makao, daktari yuko hai. Mnunuzi yuko Taveta. Fuateni nambari iliyopigia simu hii sasa hivi."

"Na chupa ya hamira?"

"Achaneni nayo."

Loise alikuwa ameketi nje juani.

"Protini huwa inajikunja hivyo yenyewe, bila kulazimishwa," alisema. "Lakini ni chembe moja katika milioni. Nitaipata aje tena?"

Mwelu alitia bastola kiunoni, akaelekea kwenye Land Cruiser ya Derrick.

"Uko hai, daktari. Anza kuhesabu."